Nikolai Vavilov: Mtafiti wa mbegu aliyekufa kwa njaa

Msikilizaji, ukiingia jikoni kwa bibi huko Dongobesh, Haydom au vijiji vya karibu na Katesh, unaweza kukuta mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya meko. Moshi unayakinga na wadudu mpaka mvua zirudi. Bibi aliyachagua mwenyewe wakati wa mavuno, na hata chakula kikipungua ndani ya nyumba, mahindi hayo hayaguswi.

Kuna mtu aliyefanya kazi kama hiyo ya bibi kwa ajili ya dunia nzima. Aliitwa Nikolai Ivanovich Vavilov, raia wa Urusi, na ni mmoja wa watafiti wakubwa wa mimea wa karne ya 20.

Utafiti wa kwanza

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887. Baba yake alitoka katika familia ya wakulima kijijini, akaja mjini akiwa kijana na kufanikiwa katika biashara ya vitambaa. Alimpeleka mwanawe shule ya biashara, lakini kijana alipenda mimea. Mwaka 1906 akaingia chuo cha kilimo cha Moscow.

Akiwa mwanafunzi hakuchagua mada ya kujionyesha. Alichunguza konokono wasio na gamba, wale wanaotambaa usiku na kula mazao katika mashamba na bustani za mkoa wa Moscow. Aliangalia ni aina gani wapo, wanakula nini na wanaleta hasara gani. Ulikuwa utafiti wa tatizo ambalo kila mkulima wa pale alilijua. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1910 na ikapewa tuzo na jumba la makumbusho la ufundi la Moscow. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza aliyoipata, akiwa bado hajawa na jina.

Baadaye alikwenda Uingereza kusoma kwa wataalamu wa elimu mpya ya wakati ule, yaani namna mimea inavyorithisha tabia zake. Alitaka kujua jambo moja: kwa nini ugonjwa ukiingia shambani, kama kutu ya ngano, aina moja huanguka yote na nyingine hubaki imesimama?

Kutafuta nyumbani kwa mazao

Jibu lake lilimtoa maabara na kumpeleka safarini. Vavilov aliona kwamba kinga ya ugonjwa, uvumilivu wa ukame na uwezo wa kustahimili baridi tayari vimo ndani ya mbegu ambazo wakulima wamezitunza kwa maelfu ya miaka. Kazi ya mtafiti ni kwenda kuzitafuta.

Lakini azitafute wapi? Fikiria ukoo mkubwa. Mahali ulipoanzia ndipo penye matawi mengi; waliohamia mbali ni wachache waliotoka katika tawi moja au mawili. Vavilov alisema mazao nayo yako hivyo. Pale zao linapoonekana kwa aina nyingi sana, huenda ndipo lilipoanzia, na hapo ndipo pa kutafuta kinga. Mwaka 1926 alitoa kitabu kuhusu maeneo hayo ya asili ya mazao, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Lenin.

Tukiyatazama mashamba yetu kwa macho yake, tunaona wageni na wenyeji wanaishi pamoja. Mahindi na maharage yalitoka Amerika. Mbaazi zilitoka India. Ngano inayolimwa nyanda za Basotu ilianzia Mashariki ya Kati. Mtama na ulezi ni wa hapa hapa Afrika.

Vavilov alifika pia Afrika Mashariki. Mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, wakati huo ikiitwa Abisinia. Addis Ababa alikutana na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa mfalme Haile Selassie, akapata kibali cha kusafiri. Akaenda na msafara wa nyumbu kupitia nyanda za juu, akikusanya ngano, shayiri, tefu na mazao mengine. Alishangazwa na wingi wa aina alizozikuta katika mashamba madogo ya wakulima wa kawaida. Aliamini kwamba baadhi ya ngano zilianzia huko. Watafiti waliomfuata walimsahihisha: ngano ilifika Ethiopia kutoka Mashariki ya Kati, lakini wakulima wa huko waliikuza kwa muda mrefu mpaka ikazaa aina nyingi. Hata hivyo, wazo lake kuu limebaki.

Kwa jumla alizunguka makumi ya nchi katika mabara matano. Kufikia mwaka 1940, taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad, leo St Petersburg, ilikuwa na sampuli za mbegu na mimea zipatazo 250,000. Haikuwapo hifadhi nyingine kubwa kama hiyo duniani.

Kuanguka

Nchi yake ilikuwa na njaa, na watawala walitaka mavuno makubwa haraka. Akatokea mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Trofim Lysenko, akaahidi matokeo ya upesi. Mwanzoni Vavilov mwenyewe alimpa moyo. Lakini Lysenko alikataa elimu ya urithi wa mimea, na Stalin akamuunga mkono. Vavilov alikataa kuikana sayansi aliyoijua kuwa kweli.

Agosti 1940, akiwa safarini kukusanya mimea magharibi mwa Ukraine, alikamatwa. Alishtakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo, na mwaka 1941 akahukumiwa kifo. Baadaye adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20.

Mwaka 1942, akiwa gerezani, Royal Society ya London ilimchagua kuwa mwanachama wake wa kigeni, heshima inayotolewa kwa wanasayansi wachache sana. Heshima hiyo haikumfungulia mlango. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mwili wake ukiwa umedhoofika kwa kukosa chakula. Saratov ndio mji aliokuwa profesa akiwa kijana.

Walioilinda mbegu

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na jeshi la Ujerumani. Mzingiro ulidumu karibu siku 900, na watu mamia kwa maelfu walikufa kwa njaa na baridi. Ndani ya taasisi ya Vavilov mlikuwa na mchele, karanga, shayiri, mahindi na ngano. Wafanyakazi wake walizilinda mbegu hizo dhidi ya panya, baridi na wezi. Wao wenyewe hawakuzila. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga. Alexander Shchukin, aliyetunza karanga, naye alikufa, na wengine kadhaa.

Mwaka 1955 serikali ilifuta hukumu ya Vavilov. Leo taasisi hiyo ina jina lake.

Inatuhusu nini

Mwaka 1999 aina mpya ya kutu ya shina la ngano ilitambuliwa Uganda, ikapewa jina Ug99, kisha ikaenea Kenya, Ethiopia na kwingineko. Watafiti walilazimika kurudi kwenye mbegu zilizohifadhiwa, kutafuta kinga. Huko Njoro, Kenya, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili ijulikane ipi inastahimili. Ni njia ile ile ya Vavilov. Nasi tuna Kituo cha Taifa cha kuhifadhi mbegu za mimea kilichopo Arusha, ambako mbegu za wakulima wa Tanzania hutunzwa kwenye baridi.

Wapo pia vijana. Kila mwaka wanafunzi wa sekondari nchini hupeleka tafiti zao kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania, na bora hupewa tuzo. Mwanafunzi wa Mbulu au Hanang hana haja ya kwenda mbali kutafuta mada. Anaweza kuanza na mdudu anayekula maharage ya mama yake, au kumuuliza bibi ni aina ngapi za mtama alizokuwa akipanda zamani, zipi zimebaki na zipi zimepotea, kisha aandike majibu kwenye daftari.

Na mzazi, mtoto akirudi na daftari hilo, kaa naye umsikilize. Vavilov alianza na konokono.