Robert Koch: Daktari Aliyekionyesha Kifua Kikuu, na Safari Zake Katika Nchi Yetu

Kila mwaka tarehe 24 Machi huadhimishwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na katika hospitali za Temeke na Mwananyamala, kama kwingineko nchini, watu hualikwa kupima makohozi. Ni wachache kati yetu wanaojua tarehe hiyo ilitoka wapi. Ilitokana na jioni moja ya mwaka 1882 mjini Berlin, daktari mwenye umri wa miaka 38 alipowaonyesha wenzake kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, ambacho kwa karne nyingi kilikuwa kikiua watu bila kujulikana. Daktari huyo ni Robert Koch. Pengine ni wachache zaidi wanaojua kwamba mtu huyu aliwahi kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam, tena kwa vipindi zaidi ya kimoja, na kwamba baadhi ya mambo aliyoyafanya katika nchi zetu yanastahili sifa na mengine yanatia uchungu.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz nchini Ujerumani, katika familia yenye watoto wengi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Baada ya kuhudumia majeruhi wa vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, alipewa kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo nchini Poland. Hapakuwa na chuo wala maabara, wala mtaalamu wa kumwuliza. Alikuwa na wagonjwa wake, mke wake Emmy na binti yao mmoja, na hadubini ambayo husimuliwa kwamba mkewe alimpa kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Alitenga kwa pazia sehemu ya chumba chake cha kutibia, na humo, baada ya saa za kazi, akaanza kuchunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza mifugo ya wakulima wa wilaya yake.

Wengine walikwisha kuviona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Jambo ambalo hawakuweza kulithibitisha ni kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au vilitokea tu baada ya mnyama kuugua. Koch aliviotesha nje ya mwili, akaviona vikigeuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni muda mrefu, kisha akaviingiza katika panya, nao wakaugua kimeta kile kile. Mwaka 1876 aliyapeleka matokeo yake kwa maprofesa wa Breslau, nao wakakubali. Daktari wa kijijini alikuwa amethibitisha kwamba kijidudu fulani huleta ugonjwa fulani, na si mwingine.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Huko alitafuta njia ya kuotesha aina moja ya vijidudu bila kuchanganyika na nyingine. Alianza kwa vipande vya viazi vilivyochemshwa. Baadaye maabara yake ilitumia agari, utomvu wa mwani wa baharini. Wazo hilo lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyeutumia jikoni kugandishia vyakula vyake vitamu. Hadi leo maabara za duniani kote huotesha vijidudu juu ya agari, na jina la mama huyo halitajwi mara nyingi.

Kisha akakigeukia kifua kikuu. Wakati huo inakadiriwa kwamba huko Ulaya kilisababisha kifo kimoja katika kila vifo saba. Madaktari wengi walidhani ni ugonjwa wa kurithi, au udhaifu wa mwili unaotokana na umaskini. Kijidudu chake kilikuwa kigumu kuliko cha kimeta, kwa sababu hakikukubali rangi za kawaida za maabara, na kilikua polepole mno, kwa majuma badala ya siku. Mtu asiye na subira angeitupa chupa akidhani hakuna kitu. Koch alisubiri. Tarehe 24 Machi 1882 alisoma taarifa yake mbele ya Chama cha Fiziolojia, meza zikiwa zimejaa vielelezo alivyoviandaa. Alipomaliza ukumbi ulikuwa kimya. Hapakuwa na hoja ya kumpinga.

Maana ya siku ile kwetu ni kubwa. Ugonjwa wenye chanzo kinachojulikana unaweza kutafutwa katika makohozi, na unaweza kuzuiwa. Hauhitaji tena kufafanuliwa kwa laana ya ukoo, wala kwa jirani mwenye kijicho. Hata hivyo, katika jumuiya zetu za Tandika, Mbagala au Tandale, bado yupo mwamini anayekohoa kwa miezi akiogopa kusemwa, na bado ipo familia inayomtengea mgonjwa sahani na kikombe hata baada ya daktari kusema kwamba dawa zimekwisha kumwondolea uambukizo.

Mwaka 1883 alitumwa Alexandria nchini Misri kuchunguza kipindupindu. Wafaransa nao walikuwa wametuma kundi lao, na mashindano kati ya mataifa hayo mawili yalikuwa makali. Lakini kijana mmoja wa kundi la Wafaransa, Louis Thuillier, alipouawa na ugonjwa ule ule aliokuja kuuchunguza, Koch na wenzake walishiriki mazishi yake na kusaidia kulibeba jeneza. Kutoka Misri alikwenda Kalkuta nchini India, ambako alithibitisha kwamba kijidudu cha kipindupindu huishi katika maji machafu ambayo watu huyanywa na kuyaogea. Kabla yake Mwitalia Filippo Pacini alikwisha kukiona mwaka 1854, lakini wataalamu wa wakati wake hawakumjali.

Kisha likaja anguko lake. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu, dawa iliyokuja kuitwa tuberkulini. Hakueleza imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakiwa mahututi, wakiuza walivyonavyo ili wapate sindano. Muda si mrefu baadhi yao walifariki, na uchunguzi wa maiti uliofanywa na Profesa Rudolf Virchow ulionyesha kwamba dawa haikuponya, na kwamba huenda ilieneza ugonjwa mwilini. Mtu aliyesubiri majuma mengi mbele ya chupa zake hakusubiri kabla ya kuwapa wagonjwa tumaini. Tuberkulini ilipata kazi nyingine baadaye: kipimo cha ngozi cha kutambua kama mtu ameambukizwa kifua kikuu kimetokana nayo. Lakini waliouza mali zao hawakurudishiwa kitu.

Ndoa yake na Emmy ilivunjika, naye akamwoa Hedwig Freiberg mwaka 1893. Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya safari. Alikwenda Afrika Kusini kuchunguza sotoka ya ng'ombe, kisha Bombay kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam.

Mji aliouona ulikuwa mdogo. Kinondoni na Temeke za leo zilikuwa nje yake kabisa. Mwaka huo huo Wajerumani walifungua hospitali ufukweni, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, lakini waliijenga kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyopatikana kwa mchango wa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Koch alichunguza damu za wagonjwa wa malaria. Alithibitisha pia kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni, ambayo huko ilitanguliwa na vifo vya panya.

Katika safari hiyo alipanda milima ya Usambara. Huko alielezwa jambo ambalo aliliandika katika taarifa zake: wenyeji wa milimani, ambako homa ilikuwa haba, waliposhuka tambarare na kurudi wakiwa wagonjwa, waliuita ugonjwa wao mbu, kwa jina la mdudu aliyewauma. Wakati huo huo, Ronald Ross alikuwa nchini India akipasua mbu chini ya hadubini ili kuthibitisha kwamba ndiye anayebeba malaria. Wazee wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa wameangalia nani anaugua, wapi, na baada ya kuumwa na nani. Kwa maoni yetu hili ni miongoni mwa mambo mema aliyoyafanya Koch katika nchi hii: alisikiliza, akaandika alichoambiwa, na hakukidharau. Kuanzia mwaka 1901, kwa kufuata mpango wake, madaktari wa Kijerumani walipima damu za wakazi wa Dar es Salaam na kuwapa kwinini wale waliokutwa na vimelea.

Alirudi mwaka 1905 kuchunguza homa ya papasi, iliyokuwa ikiwaangusha wapagazi na wasafiri wa njia za misafara. Alichimbua papasi katika sakafu za vibanda vya kulala wageni, akavikuta vijidudu vya homa ndani yao, na hata ndani ya mayai yao, maana yake papasi huwarithisha watoto wake ugonjwa. Mwaka huo huo Mwingereza Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hiyo hiyo, alifariki kwayo huko Kasongo nchini Kongo. Desemba ya mwaka 1905 Koch alipokea Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Safari yake ya mwisho ya utafiti katika Afrika ilikuwa ya mwaka 1906 na 1907, na ndiyo tunayoiandika kwa uzito. Malale ilikuwa imeua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Koch alipita Amani na Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese. Wagonjwa waliletwa kwa mitumbwi, wengine wakibebwa, hadi wakafika zaidi ya elfu moja. Aliwatibu kwa dawa iitwayo Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni wengi walipata nafuu, na habari hiyo ikavuta wengine. Alipoona kwamba dozi ndogo haziondoi ugonjwa kabisa, akaziongeza. Wagonjwa zaidi ya ishirini wakapofuka, na hawakuona tena. Ndipo akapunguza dozi. Kwa wengi ugonjwa ulirudi.

Hatuwezi kusema kwamba hakuwahurumia. Alikaa nao miezi mingi katika mazingira magumu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Lakini alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika makambi, na serikali ya kikoloni ikayafungua. Alipendekeza hata mamba waangamizwe, kwa kuwa aliona mbung'o wakinyonya damu yao. Katika mipango hiyo yote mgonjwa hakuulizwa anataka nini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2295, inafundisha kwamba utafiti juu ya binadamu haukubaliki ukimweka katika hatari zisizolingana na manufaa au zinazoweza kuepukwa, na kwamba ni lazima mtu aridhie akiwa ameelezwa. Leo, kabla ya mtafiti kuchukua damu ya mgonjwa wa Temeke, utafiti wake hupitiwa na kamati za maadili, ikiwemo ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mgonjwa husomewa maelezo kwa Kiswahili, naye ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Waamini wetu wanaoalikwa kushiriki tafiti wasione haya kuuliza maswali. Haki hiyo haikuwapo Sese.

Koch alikosea pia katika jambo moja linalogusa meza zetu. Mwaka 1901 alitangaza mjini London kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Wenzake hawakukubali, na uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba watoto huambukizwa kwa maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe.

Vipimo vyenyewe vimeendelea mbele tangu siku zake. Mashine za kisasa hutoa jibu kwa saa chache, na huko Morogoro panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kukigundua kijidudu kile kile ambacho Koch alikingojea kwa majuma. Matibabu katika vituo vya umma hutolewa bure, kwa kawaida kwa muda wa miezi sita, na wengi hujisikia wazima tangu mwezi wa pili. Hapo ndipo baadhi huacha dawa, na kijidudu kilichobaki hurudi kikiwa sugu. Ndugu wa jumuiya wanaomtembelea mgonjwa kwa sala wanaweza pia kumkumbusha kidonge cha siku hiyo.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Mwaka huo huo alikuwa bado akiwaeleza wanasayansi wa Berlin habari za kifua kikuu. Majivu yake yamewekwa ndani ya taasisi aliyoianzisha, inayoitwa leo kwa jina lake. Visiwa vya Sese vilihamwa kwa amri ya serikali ya Waingereza mwaka 1909, na watu waliosalia, pamoja na wale aliowatibu, wakapelekwa bara kuanza maisha upya.