Yatima Aliyeichezea Uingereza: Habari za James Peters



Hapa kwetu Mwembesongo vijana hucheza mpira wa miguu kila jioni, nasi hukaa kando tukiwatazama. Mchezo wa raga haujulikani sana kwetu. Mpira wake una umbo la yai, nao hushikwa kwa mikono. Mtu hukimbia nao, na watu wa upande wa pili humkamata na kumwangusha. Mwezi huu twataka kueleza maisha ya mchezaji mmoja wa kale wa mchezo huo, maana ndani yake mna mafundisho kwa sharika zetu.

James Peters alizaliwa mwaka wa 1879 mjini Salford, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtu mweusi wa kisiwa cha Jamaika, kazi yake kuwafunza simba katika kundi la sarakasi. Mama yake alikuwa Mwingereza. Siku moja simba wakamrarua yule baba ndani ya tundu lao, akafa. Mama, asiweze kumtunza mtoto, akamtoa kwa kundi jingine, naye akafanywa mpanda farasi wasio na tandiko ili kuwafurahisha watazamaji. Alipokuwa na miaka 11 alivunjika mkono. Kwa kuwa hakuwafaa tena, wakamwacha.

Basi mtoto huyu akapokewa katika nyumba ya yatima ya Bwana Fegan, Mkristo aliyejitoa kuwatunza watoto maskini wa London, kisha katika nyumba nyingine huko Greenwich. Akasomeshwa, akajifunza kazi ya kupiga chapa, na katika michezo akawa nahodha wa wenzake.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Bristol, kisha Plymouth, akafanya kazi ya useremala huku akicheza raga. Huko Bristol mjumbe mmoja wa halmashauri ya timu alijiuzulu kwa sababu mtu mweusi amepewa nafasi. Peters hakujibu kwa maneno, aliendelea kucheza. Tarehe 17 Machi 1906 akaichezea Uingereza dhidi ya Uskoti, mtu mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo, na siku chache baadaye akafunga katika mchezo na Ufaransa.

Mwaka ule ule ilikuja timu ya Afrika Kusini. Ilipofika kucheza na jimbo la Devon, wageni walimwona Peters wakakataa kuingia uwanjani, mpaka mjumbe mkuu wa nchi yao alipowasihi. Mwezi wa Desemba Uingereza ilipocheza nao, jina la Peters halikuwamo. Wengi wameona kwamba wakubwa walipenda kuwaridhisha wageni kuliko kumtendea haki mwana wa nyumbani.

Tena kulikuwa na jambo la ujira. Wakuu wa raga walikataza mchezaji kulipwa. Sheria hiyo haikumwumiza tajiri, bali mchimba makaa aliyeacha kazi ili acheze alikosa mshahara wa siku. Kwa hiyo mwaka wa 1895 timu za kaskazini zilikutana mjini Huddersfield, zikajitenga na kuanza umoja wao, ili kuwafidia wachezaji. Huo ndio mwanzo wa raga ya kulipwa, ambayo tangu 1906 ina wachezaji 13 kila upande.

Peters alikuwa mtu wa kazi za mikono. Karibu na mwaka wa 1910 alipoteza vidole vitatu katika ajali kazini bandarini, lakini akarudi uwanjani. Mwaka wa 1912 wakuu wakamfungia kwa kupokea malipo. Ndipo mwaka wa 1913 akaenda kaskazini kuichezea Barrow, na 1914 St Helens, akilipwa waziwazi. Lakini umri ulikuwa umepita miaka 30, wala kazi hiyo haikudumu. Akarudi Plymouth, akafa mwaka wa 1954. Baada yake hakuna mtu mweusi aliyeichezea Uingereza hata mwaka wa 1988.

Ndugu waalimu na wazee wa sharika, milango mingi ilifungwa mbele ya mtu huyu. Mmoja ulifunguliwa alipokuwa mtoto mwenye mkono uliovunjika, nao ulifunguliwa na Mkristo. Na sisi je? Watoto wasio na wazazi wanapita sokoni na kituoni hapa Morogoro. Tuwaite kwa majina yao, tuwafundishe kazi, na anayetutendea kazi tumlipe haki yake bila kuchelewa.