Steve McQueen: Staa aliyeisaka Mustang ya ‘Bullitt’, akafa bila kuipata

Pesa alikuwa nazo, jina alikuwa nalo. Lakini Desemba 1977, staa wa filamu Steve McQueen aliandika barua kwa mtu wa kawaida huko New Jersey, Marekani, akiomba kitu kimoja tu: auziwe gari.

Hakuuziwa. Miaka mitatu baadaye akafariki, gari likiwa bado kwa yule jamaa.

Kutoka shambani hadi Hollywood

McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, Beech Grove, jimbo la Indiana. Baba yake aliondoka yeye akiwa bado mchanga, na mama naye maisha yalimyumbisha. Sehemu kubwa ya utoto wake aliishi shambani kwa Claude, mjomba wa mama yake, huko Slater, Missouri.

Claude ndiye aliyempa baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu akiwa na miaka minne. Baadaye McQueen alikuwa akisema mapenzi yake ya mashindano ya magari yalianzia hapo.

Ujanani aliingia kwenye ugomvi na makundi ya mtaani, akapelekwa shule ya marekebisho Chino, California. Mwaka 1947 akajiunga na wanamaji wa Marekani, na alipotoka jeshini mwaka 1950 alikwenda New York, ambako aliishia kusomea uigizaji.

Umaarufu ulikuja na The Magnificent Seven (1960) na The Great Escape (1963). Nje ya kamera, mashine ndizo zilikuwa maisha yake. Mwaka 1970 alishiriki mbio za saa 12 za Sebring, Florida, mguu ukiwa kwenye plasta. Yeye na mwenzake Peter Revson wakashika nafasi ya pili.

Mchuma wenyewe

Filamu ya Bullitt ilitoka Oktoba 1968. McQueen alicheza kama askari mpelelezi wa San Francisco, akiendesha Ford Mustang GT ya kijani kilichokolea, injini ya V8. Kipande cha kufukuzana na Dodge Charger nyeusi kwenye milima ya mji huo kinachukua karibu dakika 11, na bado kinatajwa kati ya vipande bora vya magari kuwahi kuigizwa.

Mustang zilizotumika zilikuwa mbili, namba zao za chesisi zikifuatana. Moja ilipigika sana kwa kurushwa kwenye milima, ikapelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Ya pili ikauzwa, ikapita mikono kadhaa. Mwaka 1974 baba mmoja wa familia wa New Jersey aliiona kwenye tangazo la gazeti la magari, akainunua kwa dola 6,000.

Kwake ilikuwa gari la nyumbani. Mkewe, aliyekuwa mwalimu, aliiendesha kwenda shuleni kufundisha.

Barua ya 1977

McQueen aliposaka na kujua iliko, alimwandikia mwenye gari kwa adabu. Alieleza kwamba anataka kuitunza ikiwa vilevile ilivyokuwa kwenye filamu. Alikuwa tayari hata kumtafutia Mustang nyingine badala yake, mradi bei isiwe ya kukomoana.

Mwenye gari hakuiachia. Wengine watasema ni roho mbaya. Lakini gari alilinunua kihalali, familia ililipenda, na mapenzi ya staa hayazidi ya mwalimu anayeliwasha kila asubuhi.

Hili mtu wa Ifakara analielewa bila kufafanuliwa. Katika bonde la Kilombero, Land Rover ya mzee haikuwa chuma tu. Ndiyo iliyobeba mpunga, ikawahisha mgonjwa hospitali, ikasubiri kivuko mtoni miaka ile kabla ya daraja la Kilombero kuzinduliwa mwaka 2018. Siku inauzwa, pengine kwa ajili ya ada au matibabu, hela inaonekana ya maana. Miaka 20 baadaye watoto ndio wanaanza kuulizana iko wapi.

Lilikoishia

McQueen aliugua mesothelioma, saratani inayohusishwa na vumbi la asbesto. Alifariki Novemba 7, 1980, akiwa na miaka 50, mjini Ciudad Juárez, Mexico, baada ya kufanyiwa upasuaji.

Mwaka huohuo klachi ya Mustang ikafa, gari likaegeshwa. Lilikaa kimya kwa miongo, huku wapenzi wa magari wakilisaka dunia nzima. Mwenyewe alifariki mwaka 2014, mwanawe akalifufua, na Januari 2018 likaonyeshwa hadharani Detroit.

Januari 2020 lilipigwa mnada Florida kwa dola milioni 3.4 bila ada, zaidi ya shilingi bilioni 7 za Kitanzania kwa wakati huo. Halikupakwa rangi mpya. Mikwaruzo yake iliachwa.

Kilichothibitisha kuwa ndilo lenyewe ni namba ya chesisi na makaratasi yaliyotunzwa, pamoja na ile barua ya McQueen. Kwa hiyo kama nyumbani kuna gari la mzee linaloelekea kuuzwa, piga picha kadi ya gari na namba ya chesisi, na uandike jina la mnunuzi. Rangi itabadilishwa na namba za usajili zitabadilika, ila kwa chesisi utakuwa na pa kuanzia.