Sheikh Al-Amin, mtu wa gazeti

Mgeni akiingia Mji wa Kale huonyeshwa milango ya nakshi, roshani na Msikiti wa Mandhry. Ni sawa. Lakini mimi nikiulizwa ni nani aliyeutikisa mtaa huu kwa kalamu, humtaja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Allah amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, naye mwanachuoni, alifariki angali mtoto, na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui ndiye aliyemlea na kumsomesha. Ukoo wake ndio uliotawala Mombasa hadi 1837, na historia yao aliiandika mwenyewe kwa Kiarabu. Hata hivyo hakukaa barazani kujivunia mababu.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, na 1932 Al-Islah. Alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Misri, na fikra zile akazileta kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na jikoni, ili asiyejua Kiarabu naye asikie. Kwangu mimi hilo ndilo jambo lake kubwa kuliko yote.

Na alichoandika kiliuma. Aliwakemea watu wake kwa kufuja mali katika arusi na matanga huku watoto hawana elimu. (Angeona kadi za michango za siku hizi!) Alitaka wavulana na wasichana wasome, dini na dunia pamoja. Aliwaonya wanaomwiga Mzungu kwa mavazi na mwendo, na papo hapo akawalaumu wanaokataa elimu kwa sababu tu imeletwa na Mzungu. Pande zote mbili zilikuwa na la kununa. Alipoyagusa mambo ya bid'a alizidisha moto, na ubishi ule haujazimika misikitini hadi leo. Mimi sikubaliani naye kwa yote, ila sijaona aliyemjibu kwa kazi iliyo sawa na yake.

Al-Islah halikudumu. Sheikh akawa Kadhi wa Mombasa, kisha 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, chini ya serikali ya Mwingereza. Wapo wanaoona vibaya kwamba aliyehimiza watu waamke alikubali cheo cha mkoloni. Nami nauliza: ndoa na mirathi zetu zilikuwa zikiamuliwa pale, angeachiwa nani kiti?

Makala zake zilikusanywa katika kijitabu, Uwongozi. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, nao walikuja kuwa Makadhi Wakuu, na wote wawili waliandika kwa Kiswahili kama mwalimu wao.

Alifariki 1947. Mwanawe Ali, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Profesa Ali Mazrui, alikuwa na miaka 14. Tafsiri ya Qur'ani aliyoianza Sheikh ilibaki haijakamilika. Mwaka 1969 Sheikh Farsy, mwanafunzi wake, alitoa ya kwake, juzuu zote 30.