Avery Brundage: Kigogo wa Olimpiki aliyekusanya wanyama wa mawe

KIPCHOGE Keino aliponyakua dhahabu ya mita 1,500 jijini Mexico City mwaka 1968, kisha ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji jijini Munich mwaka 1972, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) alikuwa Mmarekani Avery Brundage. Wengi humkumbuka kwa ukali wake. Wachache wanajua mapenzi yake kwa wanyama wadogo wa mawe waliochongwa China enzi za kale.

Brundage alizaliwa Detroit mwaka 1887, akalelewa na jamaa zake Chicago baada ya baba yake kuihama familia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois, akashiriki Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, kisha akatajirika kwa biashara ya ujenzi.

Mapema mwaka 1936, akiwa Ulaya kwa Olimpiki ya majira ya baridi, alizuru maonyesho ya sanaa ya China jijini London. Tangu hapo hakutulia. Popote shughuli za michezo zilipompeleka, alitafuta vyombo vya shaba na vinyago vya jedi. Jedi ni jiwe gumu lisilokubali kisu. Fundi hulisaga kidogo kidogo kwa mchanga mkali na maji hadi farasi au ngamia wa kutosha kiganjani ajitokeze.

Mwaka 1964 moto wa msituni uliteketeza makazi yake California pamoja na sehemu ya hazina hiyo. Kwa bahati njema, sehemu nyingine alikuwa ameshaitoa kwa jiji la San Francisco, ambako wapiga kura waliidhinisha mwaka 1960 fedha za kujenga makumbusho ya kuihifadhi. Yalifunguliwa mwaka 1966.

Hata hivyo, subira aliyokuwa nayo kwa mawe hakuwa nayo kwa wanadamu. Alipinga Marekani kususia Michezo ya Berlin ya mwaka 1936 chini ya Hitler. Mwaka 1968 alishinikiza wanariadha weusi Tommie Smith na John Carlos watimuliwe kwa kuinua ngumi jukwaani kutetea haki za watu wao.

Brundage alifariki Ujerumani mwaka 1975. Mwaka 2020, makumbusho hayo yaliondoa sanamu ya kichwa chake kutokana na misimamo yake ya ubaguzi dhidi ya watu weusi na Wayahudi. Wanyama wake wa jedi hawakuondolewa.