Askofu Frank Weston na Masista wa Kianglikana

Hapa kwetu Tarime na Serengeti, Mkristo akimwona sista njiani hujua mara moja kwamba huyo ni wa Kanisa Katoliki, labda ametoka Makoko, Musoma. Kwamba Kanisa Anglikana nalo lina masista wake, tena katika Tanzania hii hii, na kwamba habari yao ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wengi wetu hatujui. Binti wa Kianglikana akisema anataka kuwa mtawa, wazazi hudhani anataka kuhama kanisa. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu aliyewaanzisha masista hao, Askofu Frank Weston wa Zanzibar.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford, akafaulu vizuri sana katika elimu ya Mungu, na angeweza kukaa huko akawa mwalimu mkubwa. Badala yake alikwenda kuhudumia maskini katika mitaa ya mashariki ya London, na mwaka 1898 akaja Zanzibar na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Misheni ile ilikuwa na masharti ambayo leo yangewashangaza watu: aliyejiunga hakulipwa mshahara ila posho ndogo ya kumtosha, wala hakuruhusiwa kuoa wakati wa utumishi wake. Hata hivyo Weston hakuwa mtawa wa chama chochote. Aliishi tu kama mtawa: sala kwa saa zake, chakula kidogo, mali hana.

Hapa yafaa tueleze kidogo juu ya utawa wenyewe, maana wako wanaodhani ulibuniwa na Roma. Watu wa kujitenga kwa ajili ya sala wako katika dini nyingi. Wabudha na Wahindu walikuwa nao kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Uislamu haukubali watu waache ndoa kwa ajili ya dini, lakini una tarika, kama ile ya Kadiria ambayo ilikuwa na nguvu Zanzibar wakati wa Weston, ambamo wafuasi humfuata shehe mmoja na kukesha pamoja katika zikri. Kwa Wakristo mambo haya yalianza katika Afrika, jangwani Misri, alikoishi Antoni aliyegawa mali zake akaenda kukaa peke yake, na ndugu zetu wa Ethiopia wanayo hata leo. Uingereza nako nyumba za watawa zilijaa, mpaka Mfalme Henry wa Nane alipozifunga zote kati ya mwaka 1536 na 1540 na kuchukua mashamba yake. Basi Waanglikana wakakaa miaka 300 bila watawa, wakasahau kwamba waliwahi kuwa nao. Walirudi polepole, masista kwanza, mwaka 1845, halafu mabradha wa Cowley karibu na Oxford mwaka 1866. Weston alipofika Oxford kama mwanafunzi, mabradha hao walikuwa hapo hapo.

Zanzibar alipewa kazi ya kufundisha, na kuanzia mwaka 1901 akawa mkuu wa chuo cha Kiungani. Chuo hicho kilianza kwa ajili ya watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, kisha kikawa mahali pa kutayarisha walimu na makasisi Waafrika. Sisi tuliotumia maisha yetu katika vyuo vya ualimu tunaweza kukisia siku zake zilivyokuwa: kengele, madaftari, wagonjwa wa homa, na baada ya taa kuzimwa ndipo mkuu wa chuo anapata nafasi ya kusoma. Na katika saa hizo aliandika kitabu kigumu juu ya nafsi ya Kristo, kilichotoka mwaka 1907. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar.

Mwaka 1911 alianzisha Chama cha Mateso Matakatifu, chama cha masista, hapo Zanzibar. Mwenyewe aliandika kanuni yao. Hakuwataka wajifungie tu. Walitakiwa wasali na wafanye kazi, na kazi ilikuwa shule, hospitali na kuwalea wanawake katika imani. Baadaye makao yao makuu katika Afrika yakawa Magila, karibu na Muheza, mahali panapoitwa pia Msalabani.

Masista wa kwanza walikuwa Wazungu, na tukisema kweli, jambo hili ni rahisi zaidi mtoto anayeapa anapokuwa wa watu wa mbali. Kwetu binti ni ng'ombe wa kaka yake. Wakurya hata mwanamke asiyezaa mtoto wa kiume wamemwekea njia, ile nyumba ntobhu, ili jina la nyumba lisipotee. Mtu anayeapa mbele ya madhabahu kwamba hatazaa, wala hataacha jina, wala hatamletea baba yake zizi, anasema neno zito kuliko linavyosikika kwa Kiingereza. Hatudhani wazazi wanaolia siku hiyo ni wapagani. Wanaelewa kinachotolewa.

Sasa tuseme na upande mwingine wa mtu huyu, maana unatugusa. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta umoja, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Maaskofu wa Mombasa na Uganda, Peel na Willis, walikuwamo. Weston aliposikia aliwashtaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamekosa imani. Hao walikuwa watu wa CMS, na sisi wa Mara imani tuliipokea kwa mkono huo huo wa CMS. Kwa maneno mengine aliowashtaki ni babu zetu. Tunaona alikuwa mkali kupita kiasi, na ugomvi ule uliwachosha Wakristo wengi bure. Lakini mwaka 1920, maaskofu wote walipokutana Lambeth, huyo huyo Weston alisaidia kutayarisha wito wa umoja kwa Wakristo wote.

Ukali wake ulikuwa na faida mahali pengine. Wakati wa vita, mwaka 1916, alikusanya wapagazi wa Zanzibar, akawaongoza mwenyewe, akatembea nao kwa miguu. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa njaa na ugonjwa, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limebaki kutoka kwao. Baada ya vita serikali ya Kenya ilitaka machifu wawasukume watu kwenye mashamba ya walowezi. Ndugu zetu Wakurya wa ng'ambo ya mpaka walikuwa chini ya serikali hiyo. Wakuu wengine wa kanisa walikuwa tayari kuikubali kazi ya lazima kama ingewekewa sheria nzuri. Weston alikataa kabisa, akatoa kijitabu mwaka 1920 akiiita hali hiyo utumwa chini ya bendera ya Uingereza. Mwaka 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa kanisa huko London, akawaambia waliokuja na uvumba na mavazi mazuri kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika Sakramenti huku wakimwacha katika vibanda vya maskini.

Alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, kwa jipu lililotia sumu damu yake. Alikuwa na umri wa miaka 53. Masista wake waliendelea, na mwaka 1946 chama chao kilisaidia kuanzisha chama cha masista Waafrika, Chama cha Mariamu Mtakatifu. Nyumba mama yao iko Kilimani, Masasi. Ni mbali sana na kwetu, lakini binti wa Kianglikana wa Tarime au Mugumu anayetaka kuweka nadhiri hana haja ya kuhama kanisa ili kuifikia.