Marconi na Simu ya Upepo

Guglielmo Marconi alizaliwa tarehe 25 Aprili 1874 katika mji wa Bologna, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa mwenye mashamba, na mama yake alitoka Ireland. Katika ujana wake alisoma habari za Hertz, Mjerumani mwenye elimu. Huyo alikuwa ameonyesha ya kuwa cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana, nayo yakipiga bamba la madini hurudi nyuma, kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani.

Marconi aliwaza kwamba mawimbi hayo yangeweza kuchukua habari pasipo waya. Mwaka 1895 alipeleka ishara mpaka ng'ambo ya kilima karibu na nyumba ya baba yake. Ndugu yake, aliyekuwa upande wa pili, alipiga bunduki kumjulisha kuwa zimefika. Mwaka uliofuata akaenda Uingereza.

Wengi wenye elimu walisema kuwa dunia ni mviringo, na mawimbi hayataweza kuvuka bahari kuu. Marconi hakukata tamaa. Tarehe 12 Desemba 1901, huko Newfoundland, alirusha tiara katika upepo mkali ili kuinua waya juu, kisha akashuhudia kwamba amesikia nukta tatu za herufi S zilizotoka Poldhu, Uingereza. Mwaka 1909 yeye na Braun walipewa tuzo ya Nobel.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 merikebu Titanic iligonga mlima wa barafu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Lakini simu ya upepo iliita msaada, na merikebu Carpathia ikaja kuwaokoa watu zaidi ya 700. Basi angalieni, wanafunzi: simu ile iliweza kuita gizani, lakini haikuweza kuona gizani.

Mwaka 1922, huko New York, Marconi aliwaeleza wahandisi kwamba mawimbi yale yale, kwa kuwa hurudishwa na chuma, yangeweza kumwonyesha nahodha chombo kingine kilichofichwa na ukungu. Mwaka 1935 Waingereza walithibitisha jambo hilo: mawimbi ya stesheni ya redio ya Daventry, yaliyowekwa kuchukua sauti za wanadamu, yaligonga eropleni angani yakarudi, na mafundi wakaitambua. Ndio mwanzo wa rada ya Waingereza.

Marconi alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937. Stesheni nyingi za redio zilinyamaza dakika mbili kwa heshima yake.

Siku hizi mafundi wanatengeneza antena moja ifanyayo kazi zote mbili, kupeleka habari na kutambua vitu vilivyo mbali. Si ajabu, kwani wimbi ni moja: likipokewa ni habari, likirudi ni jicho. Mwenye kuangalia sana jambo dogo huona ndani yake kubwa.